Fundi Anayeisoma Ndoo

Fundi wa matrekta makuukuu anayestahili sifa ni yule ambaye, akiitwa kutazama trekta lisilonyanyua plau, huuliza kwanza: humo ndani, oili inafanya kazi ngapi?

Ford 8N, trekta la Marekani la mwaka 1947 hadi 1952, lina oili moja kwa giaboksi, difu na pampu ya haidroliki. Ni kama lita 19, na kuzimwaga hufunguliwa plagi tatu chini ya trekta. Breki zake ni kavu, ziko huko kwenye magurudumu. Kwa hiyo oili nzito ya giaboksi, SAE 80 wakati wa baridi na SAE 90 wakati wa joto, ililitosha. Hata hivyo fundi hachukui nzito yoyote tu: nyingi za daraja la GL-5 zina salfa na fosforasi kwa wingi, nazo zinaweza kula vipuri vya shaba.

John Deere 4020, lililoundwa Waterloo, Iowa, kuanzia 1963 hadi 1972, ni habari nyingine. Breki zake ni sahani zilizozama ndani ya oili. Oili hiyohiyo hulainisha gia, hubeba shinikizo la haidroliki, na bado inatakiwa iziache sahani zishikane bila kutetemeka wala kupiga kelele. Gia zinataka utelezi. Breki zinataka mshiko. Kuzipatanisha ndiyo kazi ngumu ya mtengeneza oili.

Zamani upatanisho huo ulitoka baharini. Oili ya John Deere iliyoitwa 303 ilichanganywa na mafuta ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba. Mwaka 1970 Marekani ilimtia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mafuta yake yakatoweka sokoni. Oili ya asili ikafa, jina likabaki. Kwa miaka mingi ndoo za manjano zenye namba 303 ziliendelea kuuzwa kwa bei rahisi bila kipimo chochote kinachotambulika nyuma yake, hadi majimbo kama Missouri na Georgia yakazipiga marufuku.

Hapo ndipo umahiri unapoonekana. Fundi huigeuza ndoo, akatafuta maandishi madogo ya kipimo: J20C kwa John Deere, M2C134 kwa Ford. Kisha huchomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa nyeupe mithili ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hakuna oili mpya itakayodumu kabla njia ya maji hayo haijazibwa. Akishamwaga ya zamani hulisafisha chujio, hujaza mpya, huliwasha trekta na kunyanyua mikono yake ya kubebea plau mara kadhaa ili hewa itoke, halafu hupima tena na kuongeza iliyopungua. Baada ya siku chache za kulima hulifungua chujio tena, kwa kuwa oili mpya hung'oa uchafu ulioganda kwa miaka.