Vitenzi vikaidi vya Kiingereza: hesabu nzuri, lakini ina tundu

Kama umepita shule zetu, yale majedwali unayajua: go, went, gone, write, wrote, written. Safu ya tatu ndiyo iliyotuletea viboko. Mwaka 2007 Erez Lieberman na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kwamba ule ukaidi una hesabu yake. Makala naipenda. Ila siikubali yote.

Walichukua vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi katika Kiingereza cha kale. Katika Kiingereza cha kati vilibaki 145, leo ni 98. Vingine vimesalimu amri, vinapokea -ed. Halafu wakaangalia kila kimoja kinatumika mara ngapi, wakakuta jambo tamu kweli: kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu ya kingine hunyooka mara 10 haraka zaidi. Yaani vina nusu-maisha, kama elementi zinazotoa mionzi! Sababu yenyewe utaielewa hata bila hesabu. "Gone" mtoto anaisikia kila siku, hana haja ya kubahatisha. Neno adimu atalipachika -ed tu, yaishe. Na sisi tunayo hiyo: kula ni "kula!", kunywa ni "kunywa!", lakini kuja ni "njoo!" Hakuna siku inayopita hujaisikia.

Sasa tundu. Ukianza na orodha ya vikaidi peke yake, utaona vinavyonyooka tu. Vilivyokuwa vimenyooka vikaja kupinda havimo, na vipo! "Wear" zamani kilifuata kanuni. Leo tunasema worn. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina digged, leo ni dug. "Show" nacho kilijipatia shown baadaye. Elementi ikishaoza hairudi kuwa nzima, kwa hiyo mfano wa nusu-maisha unafika mahali unagoma.

Jingine ni hiyo safu ya tatu yenyewe. Kitenzi hakinyooki chote kwa mpigo. "Swell" kimeshapata swelled, lakini mguu uliovimba bado ni swollen. "Melt" kimenyooka kote, ila chuma kilichoyeyuka bado huitwa molten. Hicho unakiweka kapu gani, la vikaidi au la vilivyonyooka? Na "gotten" je? Wamarekani wanayo, Waingereza wengi wamebaki na got: umbo limetoweka bila -ed kugusa chochote.

Walitabiri kwamba kitakachofuata kunyooka ni "wed". Huenda. Lakini ningependa safu ya pili na ya tatu zihesabiwe kila moja peke yake, maana hata wedded ikishinda kote, maharusi wapya wataendelea kuitwa newlyweds.