Kutoka Kungwi hadi Kikongwe: Uzee wa Mwanamke katika Filamu Mbili kuhusu Bi Kidude

Majina ya mwanamke mzee katika Kiswahili hayalingani uzito. *Ajuza* na *kikongwe* hutaja mwili uliochakaa. *Somo* na *kungwi* hutaja wadhifa. Tofauti hii ni kipimo kizuri cha filamu mbili za Andy Jones kuhusu Fatma binti Baraka, yaani Bi Kidude, msanii wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013: *As Old as My Tongue* (2006) na *I Shot Bi Kidude* (2015).

Sifa kubwa ya filamu ya kwanza ni kwamba haimhurumii mhusika wake. Bi Kidude anavuta sigara, anatania na kupiga ngoma pasipo kuomba radhi. Katika filamu za Kibongo mwanamke wa rika lake mara nyingi hupewa nafasi ya mama mkwe au mchawi, yaani huwepo kwa ajili ya hadithi ya wengine. Hapa hadithi ni yake. Hata hivyo, anwani yenyewe inaelekeza macho kwenye umri, na kwa hadhira ya kimataifa, hasa baada ya tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005, umri huo usiojulikana kwa hakika uligeuka kuwa kioja.

Katika unyago uzee si kioja bali ni hazina ya mamlaka. Bi Kidude hakujaliwa watoto, lakini aliwafunda wari kwa miongo mingi. Heshima yake ilitokana na ujuzi, si uzazi. Ngoma inapohamishiwa jukwaani mbele ya watazamaji wasiofundwa, sauti hubaki lakini mafunzo hupotea. Mkongwe huonekana zaidi, na husikilizwa kidogo.

Filamu ya pili inaukaribia ukweli huu kwa ujasiri zaidi. Inafuatilia kuondolewa kwake jukwaani akiwa mgonjwa, na mvutano kuhusu nani amsemee. Anwani yake ya Kiingereza ina maana mbili, na Kiswahili nacho hutumia kitenzi kimoja: *hupigwa* picha, *hupigwa* risasi. Kwa utata huo mtengenezaji anajiweka mwenyewe miongoni mwa wanaohojiwa.

Kwa hiyo, kuongezeka kwa wanawake wazee katika filamu si ushahidi tosha wa mabadiliko. Swali la msingi ni iwapo kamera inamwonyesha kikongwe au inamsikiliza kungwi. Wahenga walisema utu uzima dawa. Dawa isiyonywewa haiponyi.