Eastgate ya Harare: ofisi inayopozwa na zege lake

Ofisi mpya ikikodiwa katikati ya Dar es Salaam au Nairobi, mtu wa kwanza kuitwa ni fundi wa jipsamu. Dari inashushwa, taa zinachimbiwa humo, viyoyozi vinafungwa ukutani, ndipo mwenye ofisi anapoanza kuchagua rangi, mazulia na viti. Naona mpangilio huo umekaa kinyume. Kinachoamua kama wafanyakazi watakuwa na raha saa nane mchana ni zege lililo juu ya vichwa vyao na chini ya miguu yao, na hicho ndicho kitu tunachokimbilia kukifunika. Jengo la Eastgate Centre mjini Harare linaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda zege hilo likiachwa lifanye kazi.

Eastgate lilikamilika mwaka 1996. Msanifu wake ni Mick Pearce wa Zimbabwe, na wahandisi walikuwa kampuni ya Arup. Ni majengo mawili ya ghorofa tisa yanayotazamana, katikati kuna uwazi mrefu ulioezekwa kwa vioo. Ghorofa mbili za chini ni maduka, saba za juu ni ofisi. Mwenye mradi alitaka jengo linalokalika bila mfumo wa viyoyozi. Uamuzi huo peke yake uliokoa takriban dola za Marekani milioni 3.5, karibu sehemu moja ya kumi ya gharama ya jengo zima.

Siri iko usiku. Harare imekaa kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua huchoma, lakini likishazama baridi huingia upesi. Zege nalo ni zito na la polepole: huchukua saa nyingi kupata joto na saa nyingi kulitoa. Basi mchana linanyonya joto la watu, kompyuta na taa, na usiku hewa baridi inapitishwa ndani yake kuliondoa joto hilo. Mchana feni ndogo hubadilisha hewa ya ofisi kama mara mbili kwa saa. Usiku feni kubwa hushika zamu, na hewa hubadilishwa kama mara kumi kwa saa. Asubuhi wafanyakazi wanaingia kwenye chumba ambacho sakafu na dari vimekwisha kupoa.

Tuifuate hewa yenyewe. Feni huivuta kutoka kwenye ule uwazi wa katikati, ikachujwa vumbi, ikapandishwa kwenye njia zilizo uti wa mgongo wa kila jengo. Kutoka hapo haiingii ofisini moja kwa moja. Inapita kwanza ndani ya sakafu, kwa sababu sakafu za Eastgate zina uwazi ndani, na humo vimepangwa vipande vya zege vyenye meno ili hewa iguse eneo kubwa zaidi la zege. Ndipo inapotokea ofisini kupitia matundu ya chini, karibu na dirisha. Ikishapata joto inapanda, inatolewa kwa matundu yaliyo juu karibu na dari, na mwisho inatoka kwenye dohani 48 zilizojipanga juu ya paa.

Sasa inua macho uitazame dari, maana hapo ndipo ubunifu wa ndani ulipo. Ni zege tupu lililopindwa matao, bila jipsamu. Mpindo huo unaongeza eneo la kunyonya joto, na hewa ya moto inakusanyika kwenye kilele cha tao, mbali na kichwa cha aliyeketi. Taa zimeelekezwa juu. Joto lake linaingia kwenye zege, na mwanga unarudi chini ukiwa laini, usioakisi kwenye kioo cha kompyuta. Kuta za nje nazo zimetengewa takriban asilimia 25 tu ya madirisha, tena yenye kivuli cha kuzuia jua la moja kwa moja. Nikilinganisha na maghorofa ya vioo vitupu yanayoota katika miji yetu, moyo unauma.

Mpango wa namna hii una masharti kwa anayepanga samani. Kabati likisukumwa hadi dirishani linaziba tundu la hewa. Partisheni ikipandishwa hadi juu inakata njia ya hewa ya moto. Zege tupu pia linarudisha sauti, kwa hiyo ofisi yenye simu nyingi inahitaji vibao vya kitambaa kwenye partisheni fupi, kamwe si darini.

Pearce alisema namna ya kupitisha hewa alijifunza kwa vichuguu vya mchwa, na hadithi hiyo imesambaa kuliko jengo lenyewe. Mwaka 2008 watafiti Scott Turner na Rupert Soar walieleza kwamba vichuguu havipitishi hewa kwa namna iliyodhaniwa. Jengo halikutetereka kwa hilo, kwa kuwa linasimama juu ya uzito wa zege na ubaridi wa usiku. Linatumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 35 kuliko majengo ya Harare yenye viyoyozi yaliyolinganishwa nalo.

Kwa kuwa linategemea ubaridi wa usiku, asiyekuwa nao asiliige. Usiku wa Dar es Salaam au Mombasa ni wa joto na unyevu. Kupitisha hewa hiyo kwenye zege hakupozi kitu. Pwani inataka kivuli, madirisha ya pande mbili na feni ya dari inayopuliza ngozi. Lakini Nairobi, Arusha, Iringa, Mbeya, Kigali na Bukavu zina usiku wa baridi kila siku, bure.

Kama ofisi yako iko huko na jengo ni la zege, usilipe arbuni ya jipsamu kwanza. Acha dari wazi, ipake rangi nyeupe, geuza taa zitazame juu, na mwambie fundi akutengenezee matundu yenye nondo na wavu yatakayobaki wazi usiku. Weka kipimajoto mezani wiki mbili, kisha amua kama kiyoyozi kinahitajika.