Tone baada ya tone: Alice Magaw na ufundi wa nusukaputi

Kiswahili kina neno lisilombembeleza mgonjwa: nusukaputi. Ukipewa, umekufa nusu. Anayekupa ndiye mwenye kazi ya kuhakikisha nusu ya pili haifuati, na miaka ya mwanzo kazi hiyo ilifanywa kwa kubahatisha. Etha ilionyeshwa hadharani kama dawa ya usingizi huko Boston, Marekani, Oktoba 16, 1846. Klorofomu ikafuata mwaka 1847 huko Edinburgh, Uskoti. Kufikia Januari 1848, Hannah Greener, binti wa miaka 15, alikuwa amekwisha kufa kwa klorofomu, naye alikuwa akitolewa ukucha wa mguu tu.

Mwaka 1906, muuguzi wa Rochester, jimbo la Minnesota, alichapisha hesabu ya kazi yake katika jarida la wapasuaji. Alice Magaw alikuwa amelaza watu zaidi ya mara 14,000, bila kifo hata kimoja kilichotokana moja kwa moja na dawa ya usingizi. Alifanyaje?

Vifaa vyake havikuwa na cha kujivunia. Kiunzi chepesi cha kufunika pua na mdomo, kitambaa cha shashi juu yake, na kopo la etha lenye kudondosha. Basi. Kabla ya hapo, njia iliyozoeleka ilikuwa kulowesha taulo au sifongo, kukunja koni na kumkandamizia mgonjwa usoni. Mvuke mzito, hewa haba. Mtu alikabwa, akarusha mateke, ikabidi ashikwe na wanaume wawili.

Njia ya matone ya wazi ilibadilisha hesabu nzima. Hewa inapita kwenye shashi muda wote, kwa hiyo mgonjwa hakosi pumzi. Etha huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, hivyo tone likigusa kitambaa halikai. Ukiacha kudondosha, baada ya kitambo kifupi hakuna cha kuvuta. Kuna pia jambo jingine ambalo wengi walilihesabu kuwa ila: etha huyeyuka sana katika damu, kwa hiyo huchelewa kumlaza mtu. Wapasuaji wenye haraka walikereka. Lakini uchelewaji huo humpa mtoa usingizi nafasi ya kuliona kosa lingali dogo. Tena mgonjwa anayejipumulia mwenyewe akizama mno, pumzi hupungua, na etha anayovuta hupungua nayo. Klorofomu haina subira hiyo. Huweza kuusimamisha moyo ghafla. Magaw aliitumia pia, ila mzigo mkubwa ulibebwa na etha.

Sasa, matone mangapi? Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na hauandikiki kwenye jedwali. Alifuata dalili za mtu aliye mbele yake: mlio wa pumzi, rangi ya midomo na masikio, mapigo ya mshipa, mboni za macho, ulegevu wa taya. Mlevi wa pombe hahitaji kipimo cha bibi mwembamba. Mkono mmoja kwenye kopo, mwingine ukiinua taya ili ulimi usizibe koo. Na kabla ya yote, sauti. Aliandika kwamba maneno ya kumtuliza mgonjwa husaidia sana usingizi uje kwa amani. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa upole wa kike tu. Mimi naliona kuwa sehemu ya kipimo, kwa sababu mwenye hofu huvuta pumzi ovyo na kuhitaji dawa zaidi.

Tusiwasahau waajiri wake. Hospitali ya St. Marys ilifunguliwa mwaka 1889, na wapasuaji wake, akina Mayo, William na Charles, waliamua kumpa muuguzi kazi ya usingizi. Mtangulizi wa Magaw, Edith Graham, aliolewa na Charles mwaka 1893, Magaw akashika nafasi yake. Kwingineko kazi hiyo ilitupiwa daktari mwanafunzi, ambaye macho yake yalikuwa tumboni kwa mgonjwa, kwenye kisu anachotaka kujifunza. Magaw hakuwa na haja na kisu. Na baada ya miaka kadhaa na wapasuaji walewale, alijua lini watavuta utumbo na lini wataanza kushona, akapunguza matone mapema.

Hesabu yake niisome pia kwa jicho kavu. Aliihesabu mwenyewe, na maneno “moja kwa moja” yana upana: aliyekufa siku kadhaa baadaye kwa homa ya mapafu angeandikwa wapi? Etha pia iliwatapisha wagonjwa vibaya na kuwachelewesha kuamka. Hata kwa punguzo hilo, idadi inabaki nzito.

Aliolewa mwaka 1908 na kuondoka Rochester. Etha imeachwa karibu kote, lakini katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki anayelaza wagonjwa bado si daktari. Ana mashine ya kupima oksijeni, kifaa kidogo kinachobana kidole na kulia kwa kila pigo la moyo. Umeme ukikatika na betri ikiwa imechoka, kabla jenereta haijawaka, mkono wake unakwenda kwenye taya, macho kwenye midomo, kidole kwenye mshipa wa shingo.