Mtawala Mwenye Macho

Mtoto hutangulia, kashika ncha moja ya fimbo. Mzee asiyeona humfuata, kashika ncha ya pili. Siku za mgao hapa Dagahaley, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, utawaona wakipita kwenye vumbi, kati ya mikokoteni ya punda, na mzee hapapasi hata kidogo. Hukanyaga kama mtu ajuaye aendako. Ndivyo wanafunzi wangu walivyomwigiza nabii kipofu Teiresias tulipolijaribu tukio lake katika Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles aliyoitafsiri Samuel Mushi mwaka 1971. Wala sikuwafundisha. Aliyesumbuka ni mvulana aliyekuwa mfalme. Alikodoa macho, akafoka, akatoka jasho, mpaka msichana mmoja akamwambia, "Usimkodolee. Tazama juu ya kichwa chake." Akafanya hivyo. Darasa zima kimya.

Siku hiyo niliuheshimu upya ufundi wa mtunzi wa tanzia. Mtawala asiyeona hapatikani kwa kumfanya mjinga, maana mjinga hatuumizi. Edipode ni mwerevu. Ndiye aliyetegua kitendawili kilichowashinda wengine, akauokoa mji. Tauni inapoingia, hakai kitako. Anamlaani hadharani muuaji wa mfalme aliyemtangulia, kisha anaanza kuuliza, na maswali yake ni mazuri, kila moja likimsogeza karibu na yeye mwenyewe. Sisi tunajua laana imeshika njia ya kurudi kwake. Wagiriki waliokuja kutazama walikijua kisa tangu nyumbani, kwa hiyo Sophocles hakuwa na siri ya kuwauzia. Aliwaketisha tu wamwone mtu akiupita mlango ule ule, tena na tena. Walimu tunauita ufundi huu kinaya, tunauandika ubaoni, tunakimbilia swali linalofuata kwa sababu mtihani umekaribia. Mimi pia nimefanya hivyo, na ninajuta.

Pauline Kea anaujua ufundi huo. Majoka, mtawala katika tamthilia yake Kigogo, hakosi wa kumwambia ukweli: Tunu anausema, Ashua anausema, Sudi mchongaji anausema hata anapokataa kuchonga. Kea hahitaji kuandika popote kwamba kiongozi wake ni kipofu. Anazipanga sauti tu. Zenye ukweli anaziweka mbali, nyingine anazipeleka seli, na ya Kenga, mshauri wa mtawala, anaiweka karibu kabisa na sikio. Tukimsoma Kenga darasani, anayeshika nafasi yake hushusha sauti bila kuambiwa. Na ni Kenga huyo huyo anayemwacha bosi wake mambo yanapoharibika.

Majoka analifunga Soko la Chapakazi. Kwingineko nchini, katika miaka ya 2018 hadi 2022 Kigogo ilipokuwa ikitahiniwa, huenda mwanafunzi alihitaji mwalimu amweleze uzito wa jambo hilo. Hapa hapana. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba kambi za Dadaab zitafungwa. Watoto hawa walikuwa wadogo, lakini waliziona nyuso za mama zao. Februari 2017 Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo. Machi 2021 likaja jingine, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likapewa siku 14 kuleta mpango wa kufunga. Basi tulipofika kwenye habari za soko, yule msichana aliyemsahihisha mfalme hakuuliza kuhusu dhamira wala maudhui. Aliuliza, "Mwalimu, huyu Majoka amewahi kwenda pale kununua kitu?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilikirudia kitabu kwa tochi ya simu, nikilitafuta jambo hilo moja tu. Amri zinatoka ofisini. Kenga anaingia, Kenga anatoka. Nilikuwa nimekaribia kukifunga nilipofika onyesho la mwisho, nikaona mahali Kea alipoliweka: mbele ya lango la soko, mkutano umeitishwa, na watu aliowatarajia Majoka wamemfuata Tunu.

Asubuhi nilimpa yule msichana kitabu, nikamwomba asome maelekezo ya jukwaani kwa sauti, polepole, kabla mtu yeyote hajasema neno.