Hongera Jumuiya Ndogo Ndogo

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi, wakaazimia kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maazimio mengi ya mikutano huishia kwenye makabati. Azimio hili lilihamia kwenye mikeka na mabenchi ya majirani.

Kaya chache za mtaa mmoja huchagua mtakatifu msimamizi na kusali nyumba kwa nyumba. Kwa mwenye jumba na kwa mpangaji wa chumba kimoja. Injili husomwa, kila mtu husema ilivyomgusa, bibi asiyejua kusoma akisikilizwa sawa na mwalimu. Kisha hufunguliwa daftari: nani mgonjwa, nani kafiwa, nani hajaonekana. Padri ana vigango vingi, hawezi kuwa kila mahali. Msiba ukitokea usiku, wa kwanza kufika ni wanajumuiya, na sufuria zao.

Ugomvi wa michango upo, tusidanganyane. Lakini waliogombana Jumamosi hukutana tena wiki inayofuata, maana ni majirani.

Hongereni wenyeviti, makatibu na watunza hazina msiolipwa. Na wewe unayeikumbuka jumuiya ukitaka barua ya ubatizo tu, nenda ukasali nao.