Jenomu 916 na mtoto wa Kidatu

Ukisikia "vinasaba vitasaidia kugundua sepsisi kwa watoto wachanga", jiulize kwanza: vinasaba vya nani, vya bakteria au vya mtoto? Na majibu yanatoka lini? Nimeisoma kwa maswali hayo makala ya mtandao wa utafiti wa BARNARDS, iliyotoka mwaka 2021 kwenye jarida la Nature Microbiology. Ni kazi nzuri, ila mara nyingi inabebeshwa mzigo usio wake.

Watafiti waliandikisha watoto wachanga 36,285 katika nchi saba za Afrika na Asia Kusini, kuanzia Novemba 2015 hadi Desemba 2017. Watoto 2,483 walithibitishwa kuwa na sepsisi baada ya damu yao kuoteshwa maabara. Kisha zikasomwa jenomu nzima za bakteria 916. Utamu uko hapa. Klebsiella pneumoniae aliongoza, lakini Klebsiella michiganensis naye alionekana mara 117, na huyu vipimo vya kawaida humchanganya kirahisi na ndugu yake, K. oxytoca. Jenomu zilionyesha pia kwamba hakuna ukoo mmoja wa Klebsiella unaozunguka dunia na kuua watoto. Koo ni nyingi, na zimebeba jeni za usugu ambazo mara nyingi huhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana ampisilini na jentamaisini, dawa ambazo WHO imekuwa ikizipendekeza kuanza nazo, haziaminiki tena kila mahali.

Sasa tuje kwenye udhaifu. Kwanza, ili usome jenomu kwa njia hii, lazima bakteria aote. Mtoto mchanga hutolewa damu kidogo sana, na bakteria wasipoota haina maana hawapo. Kwa hiyo zile 916 ni picha ya bakteria waliokubali kuota tu. Pili, sampuli zilisafirishwa hadi Cardiff, Uingereza. Sepsisi humaliza mtoto kwa saa chache. Majibu ya namna hiyo yanamsaidia mtoto wa kesho, si huyu aliyelala wodini. Huko ni kuelewa ugonjwa. Kuupima ni habari nyingine.

Tatu, Tanzania haimo kati ya zile nchi saba. Jirani aliyepo ni Rwanda. Lakini tusijifanye hatuna ushahidi wetu. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watoto 1,828 wa umri wa miaka 0 hadi 7. Waliothibitika kuwa na bakteria kwenye damu, asilimia 34.9 walifariki, wa malaria, asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria ameshaizoea kulihusiana na kifo. Hoja hiyo haikuhitaji jenomu hata moja: ilihitaji benchi la kuotesha damu linalofanya kazi.

Fikiria mtoto anayezaliwa leo Kidatu. Ifakara haifiki hata kilometa 70, na huko kuna Hospitali ya Mtakatifu Francis, pia taasisi ya utafiti iliyoanza kama maabara ndogo mwaka 1956 na kujijengea jina kwenye malaria. Ningependa tuanze na benchi hilo la kuotesha damu, kila siku, hata sikukuu. Jenomu zije juu yake: zikionyesha bakteria wa watoto wawili wa wodi moja wanafanana karibu kabisa, unajua kuna njia ya maambukizi humo ndani, pengine mikono au vifaa, na unaifunga.

Na upimaji wenyewe? Njia inayonivutia zaidi ni ya kusoma jeni za mtoto. Mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba jeni 52, zikisomwa jinsi zinavyowaka na kuzima kwenye damu, zinaweza kumtenganisha mtoto mwenye maambukizi ya bakteria na asiye nayo. Hapa husubiri kitu kiote. Lakini kipimo kama hicho kijaribiwe na huku kwetu, kabla hatujakishangilia.

Kwa sasa, mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka, akichemka au akipoa kupita kawaida, msisubiri kuche. Mpelekeni kituoni usiku huohuo.